Mama Mkwe Kapanda Baiskeli

Jumapili, 13 Julai

Tumefika Dimani. Boti kutoka Mbuchi hadi Nyamisati, halafu bodaboda mbili — mimi moja, mama mkwe moja. Vumbi mpaka kwenye meno.

Nimekuja kujifunza baiskeli ya milimani. Naandika hivyo ili niamini mwenyewe! Wiki nzima, wanawake peke yao, kutoka vijiji mbalimbali vya wilaya. Tangazo kaniletea Mwalimu Zebedayo wa shule yetu. Alikuwa akiniona napita kwenye matuta ya mpunga na baiskeli ya kaka yangu, peku, gunia nyuma. Akasema, Mwajabu, hawa wanatafuta watu kama wewe.

Haruna hakukataa. Mume wangu huwa hakatai kitu, anaweka sharti. Nenda, kasema, lakini uende na mama.

Basi nimekuja na Bi Sikujua, mama yake. Miaka hamsini na kitu, na mkeka wake, na tasbihi yake. Kazi yake ni kunitazama tu. Kashatandika mkeka mlangoni mwa bweni. Hapiti mtu asimwone.

Kocha anaitwa Elinipendo. Mwanamke wa Moshi, mfupi, mapaja kama ya mcheza mpira, kovu refu kwenye kiwiko. Kaongea kidogo tu. Mwisho wa mafunzo kila kijiji kitatoa mwanamke mmoja. Huyo anaondoka na baiskeli aliyoiendesha, iwe yake. Na Septemba anakwenda Morogoro, kushindana kwenye milima ya Uluguru.

Mlima! Mimi nimezaliwa mahali ambapo ukitaka kuwa juu unapanda mnazi.

Kutoka Mbuchi nipo peke yangu. Kwa hiyo nafasi ni yangu, mradi nisivunjike mguu.

Jumatatu, 14 Julai

Sipo peke yangu tena.

Asubuhi tumepangwa mstari uwanjani, kila mtu na baiskeli yake. Tairi nene, gia kibao, breki ukiigusa tu inakamata. Kocha akamwona mama mkwe kwenye mkeka. Akamwuliza, mama, wewe mbona umekaa? Bi Sikujua akajibu kwa kujidai kabisa: "Mimi nimekuja kulinda mali ya mwanangu."

Mali ndiyo mimi. Nikaangalia chini.

"Basi uilinde ukiwa juu ya baiskeli," kocha akasema. "Hapa hakai mtu." Akamshikisha helmeti.

Nilidhani kocha atatukanwa. Wote tunangoja. Bi Sikujua akaizungusha ile helmeti mkononi, akainusa — kweli, akainusa! — akaivaa juu ya ushungi. Akaingia bwenini, akatoka amevaa suruali yangu ya akiba chini ya dira. Akapanda. Akaenda.

Akaenda vizuri! Mgongo umenyooka, hayumbi. Kazunguka uwanja, kazunguka tena, wenzangu wanapiga vigelegele. Akaja kufunga breki mbele ya miguu yangu.

"Nilikuwa napeleka nazi za baba yangu mpaka Kibiti kwa baiskeli," kasema, "mumeo hajazaliwa."

Miaka tisa nakaa naye nyumba moja. Najua anapenda chumvi kiasi gani, najua goti gani linamuuma mvua ikija. Hili sikulijua.

Kocha kaandika jina lake. Kutoka Mbuchi sasa tupo wawili.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanguka mara nyingi, sihesabu. Goti limechubuka. Blandina kanisafisha — ni nesi, mtu wa Songea, kapangiwa zahanati ya hukuhuku Dimani, naye yumo kwenye mafunzo. Anaongea bila kupumua. Kasema hajawahi kuona mtu anaanguka huku amekasirika hivi.

Ndiyo. Nimekasirika. Kona naziweza kuliko wote, kocha kasema mbele ya watu. Lakini kusimama juu ya pedeli bila kukaa kwenye siti, magoti yamekunjwa, viwiko nje — mwili unakataa. Unataka kukaa. Umezoea kukaa.

Mama mkwe kona hawezi. Anazikata kama anageuza mtumbwi, polepole, kwa duara kubwa. Lakini kwenye njia iliyonyooka hakuna wa kumshika.

Nimejikuta nimefurahi kwamba kona hawezi. Astaghfirullah. Lakini nimefurahi.

Jumatano, 16 Julai

Leo korongo.

Liko nyuma ya mashamba ya mikorosho, maji ya masika yamelichimba. Unashuka ghafla, kama umedondoka darini. Chini mchanga mwingi, mlaini. Halafu unapanda ng'ambo, mizizi na mawe. Kocha kashuka kwanza kutuonyesha. Kwake ni kama mtu anashuka ngazi za nyumbani.

Zamu yangu. Nikasimama ukingoni. Nikashuka kwenye baiskeli, nikasema nina kizunguzungu. Uongo.

Mama mkwe akanipita. Bismillahi, akajitosa! Kafika chini, tairi la mbele likazama mchangani, akaruka juu ya usukani kama samaki katupwa kwenye boti. Nikapiga kelele. Nilijiona tayari nampigia Haruna simu, naanza vipi, naanza na neno gani.

Akainuka. Katema mchanga. Anacheka! Sijawahi kumsikia anacheka vile nyumbani. Nyumbani anacheka kwa pua.

Basi na mimi nikapanda. Kocha akaniambia niangalie kule ng'ambo ninakotaka kufika, tairi niliache, lina akili zake. Makalio nyuma, mikono milegevu. Nikaachia.

Sijui niandikeje. Upepo masikioni. Tumbo likabaki juu, mimi nikaenda bila tumbo. Mchanga ukanivuta, nikakanyaga, nikakanyaga, ukaniachia. Nikajikuta juu ng'ambo, nimesimama, nalia, na Blandina ananipigia makofi.

Nimeshuka tena mpaka jua likazama. Kocha ndiye aliyenikataza.

Alhamisi, 17 Julai

Haruna kapiga simu. Picha imezunguka WhatsApp mpaka Mbuchi — mama yake na helmeti, na suruali, katikati ya wanawake wanaocheka. Kaniuliza umemfanya nini mama. Kaniuliza mara mbili. Kasema mama ana umri, mama ana goti, mrudishe kesho na wewe mwenyewe urudi naye.

Bi Sikujua kanyoosha mkono, nikampa simu.

"Haruna. Mimi ni mama yako, si kikapu ulichokisahau stendi." Kasikiliza. "Njaa? Jiko unalijua lilipo." Akakata. Akaizima kabisa simu yangu, akanirudishia.

Tukakaa. Alikuwa anajikanda goti kwa mafuta ya nazi. Baadaye akasema, bila kuniangalia:

"Na mimi nataka kuuona huo mlima."

Nikasema, "Hata mimi, mama."

Limeshasemwa.

Ijumaa, 18 Julai

Ngoja nianze mwanzo.

Jaribio lilikuwa baada ya swala. Wa kijiji kimoja wanakwenda pamoja: kutoka uwanjani, mikoroshoni, korongo, kurudi. Atakayetangulia ndiye. Dimani walitoa wawili, Blandina akashindwa na dada mmoja muuza samaki, akamkumbatia, basi. Rahisi.

Sisi tukaondoka. Mama mkwe mbele, kwenye njia iliyonyooka, kama nilivyojua. Kwenye kona za mikoroshoni nikamkaribia. Korongoni nikashuka nyuma yake, tairi langu karibu ligonge lake. Chini, mchangani, akaanza kuyumba. Baiskeli yake inakwenda huku na huku. Upande wa kushoto nafasi ipo. Ningekanyaga mara mbili tatu tu ningekuwa nimempita.

Nikafunga breki.

Sikufikiri. Mkono ulifunga wenyewe. Miaka tisa sijatangulia mlangoni mbele yake. Sijaonja mchuzi kabla yake. Mkono unajua hayo kuliko mimi. Akajinasua, akapanda ng'ambo, akamaliza. Mimi nikaja nyuma, taratibu. Watu wakapiga vigelegele. Nikasema moyoni, vizuri, nimemheshimu mkubwa. Na papo hapo vigelegele vile nikavichukia.

Kocha alikuwa amesimama ukingoni mwa korongo, kaona yote. Akaja usoni kwangu. "Umefunga breki."

Nikasema mchanga ulinishinda.

"Mwajabu. Nimekuona jana na juzi kwenye mchanga huo. Umefunga breki."

Mama mkwe kasikia. Kavua helmeti polepole. Nilidhani atanishukuru, au atajifanya hakusikia, mambo yaishe. Akanishika mkono, akanivuta mpaka kwenye bomba la maji, mbali na watu.

"Nani kakuomba?"

"Mama, ni adabu tu—"

"Nakuuliza, nani kakuomba?" Macho mekundu. Hajawahi kunifokea hivi, hata siku ile nilipounguza ubwabwa wa hitima. "Miaka yote unanipakulia mnofu, mwenyewe unakula mifupa. Nimekula, nimekuombea dua. Lakini hiki si chungu, Mwajabu! Nilikuwa najiona nimeshinda. Nimefika pale juu, nikasema, Sikujua, bado umo. Kumbe nimepewa."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Halafu wewe," kasema. "Ningekwenda Morogoro, ungebaki Mbuchi. Ungenipikia, ungenifulia, ungeniamkia kila asubuhi. Na moyoni ungeninunia mpaka siku ya kunizika."

Nilitaka kuapa kwamba sivyo. Ndivyo. Ndivyo hasa.

Nikamwambia, "Naitaka, mama. Naitaka sana. Tangu nizaliwe sijawahi kutaka kitu hivi."

"Basi mbona huitaki kwa miguu?"

Akafungua bomba, akanawa uso, akanisukumia kichwa bombani, na mimi nikanawa. Akarudi kwa kocha. Nikamsikia: tunarudia kesho, asubuhi, kabla wageni rasmi wa kufunga mafunzo hawajafika. Kocha akasema mama, goti lako limevimba. Akajibiwa goti ni la nani.

Blandina kamfunga bandeji. Kamshauri apumzike. Hakuna aliyesikiliza.

Simu nimeiwasha. Ujumbe wa Haruna umejaa. Nimemjibu mmoja tu: mama mzima, mimi mzima, bado tupo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeamka, kitanda cha mama mkwe kitupu.

Nikamkuta uwanjani, kashaswali, kashakunywa chai. Umande bado. Mwanzoni pale njia ina pande mbili: kulia udongo mgumu, kushoto mchanga uliochimbwa na matrekta. Kwenye mstari, upande wa kulia, baiskeli yake! Kaiegesha pale sijui tangu saa ngapi. Yeye pembeni, kakaa kwenye ndoo, anapunguza upepo wa tairi kidogo kama kocha alivyotufundisha.

Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitikia. Nikaangalia ule udongo mgumu, nikamwangalia yeye.

"Nimewahi," kasema.

Nikasema, "Mama, hata kura ya upande hatupigi?"

"Shikamoo yako nimeipokea. Yaliyobaki ni ya baiskeli. Kalete yako."

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Hasira yote ya jana ikatoka kwenye kicheko hicho. Anautaka mlima yule mama! Anautaka kweli, kwa ujanja na kwa bandeji. Na mimi sijawahi kumpenda kama ninavyompenda sasa hivi, na sitamwachia hata kidogo.

Nimeleta yangu. Nimeiweka kushoto, mchangani. Nimeshika tairi, nimepunguza upepo, nimepunguza tena. Suruali nimeifunga kwa kamba kwenye kifundo. Kocha anakagua breki zetu, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika, kitabu hiki kipo juu ya siti. Wenzetu wote wametoka nje, wengine na miswaki mdomoni. Blandina kaulizwa anamshangilia nani, kasema anashangilia Mbuchi.

Mama kasimama. Kajifunga kibwebwe juu ya dira. Hanitazami. Na mimi nimeacha kumtazama, natazama kule mbele ambapo pande mbili zinakutana na njia inakuwa moja, nyembamba, ya mtu mmoja. Hapo ndipo. Nataka nifike hapo kabla yake.

Kocha anasema tupande. Blandina, njoo nishikie hiki kita—