Soseji Isiyo na Shingo

Janeth uko wapi?? Baba Mkubwa Shemhilu katuvunja mbavu hapa Gare 😂

Si kulikuwa na kikao cha wakulima wa mboga? Kaja mtaalamu kijana toka Dar na soseji zake. Anasema miaka ijayo hakuna kuchinja, nyama itaoteshwa kiwandani bila ng'ombe.

BILA NG'OMBE, Janeth!

Sahani zikapita, hakuna aliyegusa. Waislamu kwa Walutheri, wote macho kwa Baba Mkubwa. Si unajua hapa nyama hailiwi mpaka achinje yeye, iwe Idi au harusi ya kanisani?

Kijana anabembeleza: "Kuleni jamani, hii ni soya tu, nimeleta mfano."

Wapi! Baba Mkubwa akainuka, akaelekea kibla, akailaza soseji, akasema Bismillahi, akaipitishia kisu. Soseji, Janeth! Ndipo watu wakaanza kula. Kijana mdomo wazi.

Bado. Akamsogezea sahani: "Mwanangu, shingo yangu?"

"Shingo gani, mzee?"

"Mchinjaji hupewa shingo."

Maskini akaeleza kwa adabu zote kwamba soseji haina shingo, na hiyo nyama ya kiwandani nayo haitakuwa nayo.

Baba Mkubwa akafuta kisu taratibu. "Sasa kwenye harusi zenu mtaniita nije kufanya nini?"

Hakuna aliyecheka, Janeth. Hata mimi.

Mpaka Mama Klara, yule Mlutheri jirani yake, akajibu toka nyuma: "Tutakuita, shemeji. Hata kama ni kukata kabichi."