Siku ya Wageni wa Bima

Keroka,
Jumapili jioni.

Kwako ndugu yangu Okemwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wenzako mnaokaa pamoja huko Naivasha, na kwamba ile baridi ya kwenye mashamba ya maua haijakurudishia kikohozi. Sisi huku Mungu bado anatuweka. Mama anatembea, ingawa goti linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Majani chai yamekubali mvua, na ile ng'ombe nyekundu itazaa karibuni. Mke wako Gesare anakusalimia. Sabato iliyopita alikuja kanisani akakaa na akina mama wenzake, na nilimsikia akiimba. Tangu Aprili hatukuwa tumemsikia.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ziko. Nimejaribu kukupigia, ndugu yangu. Umeshika, nimekuuliza habari ya kazi, ukanijibu, halafu nikasema mtandao ni mbaya nikakata. Mtandao haukuwa mbaya. Kwa hiyo nimeona niandike, nimpe Mokua anayepeleka ndizi Nakuru, akupitishie hapo getini kwenu. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na usiisome mbele ya watu.

Wacha nianzie mbali kidogo ndio unielewe. Hii kazi yangu ya kuuza bima unaijua. Wakulima wakilipwa bonasi ya chai, mimi ndiye wa kwanza kufika pale kituoni na karatasi zangu, nawaambia wachukue bima ya hospitali. Wengi walichukua kwa sababu ni mimi, mtoto wa nyumbani. Lakini Mzee Nyasani hakuniacha nipumue. Kila nikipita ananiuliza mbele ya watu, "Ogoti, umetuuzia kikombe. Sasa chai yenyewe iko wapi?" Watu wanacheka, mimi pia nacheka, lakini moyoni najua ana haki. Kadi ya bima mtu anayo mfukoni, na hospitali ya kumpasua mama mjamzito iko mbali, barabara yenyewe ni ya kuteleza. Mtu anakufa akiwa amelipa kila kitu.

Ndio nikaanza kusumbua wakubwa wetu. Kila mkutano wa Kisii nilisimama nikasema, mnachukua pesa za wakulima wetu mnaenda kujenga maghorofa Nairobi. Pesa ya bima inakaa miaka mingi kabla ya mwenyewe kuidai, si kama ya dukani inayotakiwa kesho. Inaweza kujenga hospitali kijijini ikarudi polepole, watu watibiwe hapo na bima yenu hiyo hiyo. Maajenti wenzangu walinibatiza jina, wakawa wananiita mheshimiwa mbunge. Mpaka mwaka jana akaja afisa mpya, mama mmoja anaitwa Beverlyne. Huyo hakucheka. Alisema kampuni imekubali kutenga pesa za kuwekeza kwenye sehemu zilizosahauliwa, na kwamba kijiji chetu cha Nyacheki kitatazamwa pamoja na sehemu nyingine. Unakumbuka ulipokuja Krismasi nilivyokuwa nimefura kwa furaha. Tulikaa kwa Mama tukila, ukasema hata kama hiyo hospitali haitakuwa tayari kwa huyu aliye tumboni, atakayemfuata atazaliwa humo. Gesare akakuambia kwanza umalize huyu wa sasa ndio upange mwingine. Tulicheka sana siku hiyo.

Beverlyne alinipigia kabla ya kuja mwezi wa Aprili. Akaniambia nisiandae kitu chochote, wao wanataka kuona watu wanaishi vipi. Nikamwambia sawa, madam. Halafu nikafanya kinyume, na kijiji kizima kikanisaidia.

Unatujua sisi. Mgeni akija, hata kama jana mlilala bila kitu, leo utakopa kuku kwa jirani. Huwezi kumwonyesha mgeni shida zako, ataenda kukusema. Lakini kwangu mimi kulikuwa na kingine zaidi ya hicho. Hii kazi imenifundisha kwamba kampuni ya bima inaogopa mgonjwa. Miaka yote nimekuwa nikichagua wateja, nikiona mtu anakohoa sana namruka naenda kwa jirani yake. Kwa hiyo nikafikiria hivi: hawa watu wakiona tuko wagonjwa na maskini, watapiga hesabu ya hasara waende zao. Wakiona tuko wazima na tunajiweza, wataleta pesa. Nikawaambia hivyo kamati ya kijiji, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, wakakubali, manake mimi ndiye niliyejua mambo ya bima.

Basi tukaazima tenti ya kanisa na makochi ya watu wenye nyumba za matofali. Mbuzi ikachinjwa, obokima ikasongwa, ule ugali wetu wa wimbi. Wagonjwa tuliwaomba wakae ndani siku hiyo moja tu. Hata Mama nilimwambia aache fimbo yake nyumbani, akaja akijikaza kama msichana. Mzee Nyasani aliuliza, kama tumepona namna hii, hiyo hospitali itakuwa ya kupigia picha? Tukamwambia afunge vifungo vya shati.

Wageni walikuja na magari mawili, wakayaacha juu kwenye barabara ya murram, karibu na uwanja wa shule tulipokuwa tumeweka tenti. Nilisimama nikazungumza vizuri. Nikasema hapa akina mama wetu wote wanazalia hospitali, boda boda ziko, simu ziko, hatuna shida kubwa, tunataka tu huduma ije karibu. Beverlyne akaniuliza kama hakuna mtu amewahi kushindwa kufika. Nikasema hapana, si upande huu wetu. Akaniuliza tena, akiniangalia. Nikasema hapana, madam.

Hiyo ndiyo siku ambayo Gesare alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake.

Wewe uliambiwa kwamba njia ya juu ilikuwa na matope mengi, ndio maana waliombeba kwa kitanda wakateremka naye njia ya chini, ya mtoni. Uliambiwa mvua iliwakuta huko chini, kitanda kikawashinda kwenye ule mteremko, na kwamba mimi ndiye niliyepiga simu pikapu ikaja kuwangojea darajani. Uliambiwa daktari alijitahidi lakini mtoto alikuwa ameshachoka. Ulikuja kutoka Naivasha usiku ule ule. Ulimzika binti yako ambaye tayari mlikuwa mmempa jina la dada yetu Gladys, halafu ukanitafuta pale nyuma ya nyumba nilikokuwa nimejificha. Ukanishika mkono kwa mikono yako miwili, ukasema asante kwa ile pikapu. Okemwa, tangu siku hiyo sijalala usingizi wa mtu.

Baadaye kampuni ikatujibu. Walisema wamefurahi kuona Nyacheki inaendelea vizuri, na kwamba pesa zitaenda sehemu nyingine yenye uhitaji mkubwa kuliko sisi. Pale kituoni watu waliniuliza tumekosea wapi. Nikasema ni siasa, wametuzunguka. Wakaamini. Ni rahisi sana watu wetu kuamini hivyo.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nishike kalamu.

Njia ya juu haikuwa na matope ya kumshinda mtu, Okemwa. Wageni wenyewe walipita hapo na viatu vyao vya mjini. Waliombeba Gesare walikuja kwa njia hiyo ya juu, walikuwa wameshafika kwenye ua wa shule, nyuma kabisa ya tenti. Mimi nilikuwa nimetoka kuongeza soda. Drusilla, yule jirani yenu, alinikimbilia nguo zikiwa zimelowa jasho, akaniambia, "Shemeji yako ana hali mbaya. Hilo gari la wageni limekaa bure, dereva amelala ndani. Waambie watusaidie."

Niliangalia kitanda. Niliangalia tenti. Nilikuwa nimetoka tu kusema kwamba hapa hakuna mtu anashindwa kufika hospitali. Nikamwambia Drusilla, "Mpitisheni chini. Wageni wasione hii."

Nikamwambia naita pikapu, itawapata darajani, na kwamba mambo ya hospitali yakiharibika leo, itakuwa ni juu yake. Wakageuza kitanda. Mimi ni mwenyekiti, mimi ni shemeji wa mgonjwa, nani angebishana na mimi? Nikabeba soda nikarudi ndani. Beverlyne aliuliza kelele za pale nyuma ni za nini. Nikamwambia ni vijana wanarudisha viti.

Ndivyo ilivyokuwa. Gari lilikuwa limesimama hapo, hatua chache tu kutoka kichwani kwa mke wako, na mimi nikamteremsha mtoni. Pikapu uliyonishukuru ilikuja kwa sababu nilikuwa nimekataa gari lililokuwepo.

Drusilla alinyamaza kwa kuniogopa, na wale waliobeba walinyamaza kwa sababu hata wao walikula mbuzi ya siku ile. Nilifikiri litaisha hivyo. Halafu mwezi uliopita nilienda kumwona Mama, nikamkuta Gesare peke yake akichuma chai. Nikamsalimia, nikataka kupita. Hakuacha kuchuma. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nilikuwa nimelala juu ya kile kitanda, lakini masikio hayakuwa yamelala."

Akasema alinisikia, kila neno. Akasema hajakuambia kwa sababu anajua ukisikia utakuja na panga, na Mama hataweza kuzika mtoto mmoja na kumtembelea mwingine jela. Nikaanza kulia, na nilitaka kupiga magoti pale kwenye chai, akanikataza, watu wataona. Akasema, "Mimi sitamwambia. Akinipigia simu usiku ananiambia wewe ni mtu mzuri, na mimi naitikia. Nimechoka kuitikia."

Nilirudi Keroka kwa miguu mpaka nilipopata boda, sikujua hata ninapita wapi. Siku hiyo hiyo nilimpigia Beverlyne nikamwambia yote, kuanzia makochi ya kuazima mpaka kitanda. Halafu akaniuliza, mama wa mtoto yuko hai? Nikamwambia yuko. Akasema, "Mzee, sisi tulikuwa tunatafuta watu kama huyo mama. Ndiye tuliyetoka Nairobi kuja kumwona." Sijawahi kusikia neno likaniuma hivyo, ndugu yangu, kwa sababu hakulisema kwa hasira.

Amelipeleka kwa wakubwa wake. Pesa za mwaka huu zimeshaenda kwingine na hawezi kuzirudisha. Mwaka ujao wanaweza kututazama tena, wanaweza pia kutuacha, hakunificha. Mimi wamenisimamisha kazi kwa kutoa habari za uongo, na hapo sina la kulalamika. Sharti alilotoa ni kwamba watu wa Nyacheki waseme wenyewe hali yao, bila mimi kuwasemea. Kwa hiyo Alhamisi ijayo chifu ameita baraza. Nimeomba nizungumze kwanza. Nitasimama niseme kwa nini hospitali ilitupita, na niseme nilichofanya nyuma ya tenti, Mama akisikia, Nyasani akisikia. Nilimtuma Drusilla kwa Gesare kumwuliza kama ananiruhusu nimtaje. Alijibu nimtaje, lakini wewe ujue kabla ya kijiji. Ndio maana Mokua anaondoka na barua hii kesho asubuhi.

Siombi unisamehe. Sijui hata hilo neno ningeliweka wapi. Ukisema nisikanyage tena boma lenu, sitakanyaga, na Mama nitamwona kanisani. Ukija na hasira zako utanikuta nyumbani, sitakimbia. Ninachokuomba ni kimoja tu. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi, mimi nitangoja. Mpigie Gesare. Mwambie umejua, asiitikie tena.

Wasalimie wote wanaokuuliza habari za nyumbani. Mama anasema ujifunike vizuri usiku, na Mungu akutangulie kwenye kazi zako.

Ni mimi kaka yako,
Thadeus Ogoti.