Jina la Mtu wa Pili

Mkwatani, Kilosa
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Consolata,

Marahaba mwanangu, maana najua kabla hujasoma neno umeshaniamkia. Hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Kanada? Juzi kwenye simu sauti yako ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, nikashinda na wasiwasi siku mbili. Unavaa soksi? Unakula chakula cha moto, au bado unameza mkate umesimama ndipo ukimbilie kazini? Mimi sijambo. Goti linanisumbua nikitaka kuinuka, ila nikishainuka linanisahau.

Usishangae kupata barua wakati simu umeninunulia mwenyewe. Kwenye simu wewe una haraka na mimi nina machozi, basi tukikutana hapo hatusemi kitu. Imani mwenye steshenari ataipiga picha akutumie pamoja na ile fomu ya safari. Mwandiko ni huu huu wa darasa la nne, usinicheke.

Sasa habari ya safari. Umesema unataka kunilipia mapumziko ya siku saba, nichague mwenyewe: meli ya kitalii inayotokea Durban, au hoteli ya ufukweni kule Unguja ambayo kila kitu kimeshalipiwa, kula, kunywa na kulala. Tena nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, ofisi inafunga majina. Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mpaka umri huu sijawahi kulipiwa kulala.

Hiyo meli Imani alinionyesha kwenye simu yake. Nilihesabu ghorofa, nikafika ya tisa nikapotea. Juu kuna bwawa la kuogelea, yaani maji juu ya maji! Nikamuuliza, mtu akifia humo anazikwa wapi? Alicheka mpaka akashika mbavu. "Shangazi, wenzio wanawaza pilau, wewe unawaza kaburi!" Lakini ndivyo ninavyowaza. Maji ninayoyajua mimi ni ya mto wetu Mkondoa, yale yanayoingia ndani bila hodi na kutoka na magodoro. Unakumbuka baba yako alivyokubeba mabegani mwaka ule, na wewe unalilia daftari? Kuyafuata maji kwa hiari yangu, tena kwa kulipia, hilo bado nalizungukazunguka.

Hoteli nayo nikaona nisiihukumu kwa kusikia. Jumatano nikapanda gari la asubuhi nikaenda Mikumi kwa mama yako mdogo Devota. Siku hizi anafua mashuka kwenye hoteli moja ya watalii, nikasema nikaone wenyewe wa kulipiwa kila kitu wanaishije. Sikwenda mikono mitupu, utaendaje kwa watu mikono mitupu. Nilimfunga miguu yule tetea mwenye madoa, nikamtia kikapuni. Getini mlinzi akamsikia.

"Mama, na huyu naye ana chumba?"

"Ni zawadi ya wenyeji," nikamwambia.

"Wenyeji gani, mama yangu? Hapa wote tumekuja. Hata mwenye hoteli hatujawahi kumwona."

Devota akatoka mbio na povu mikononi, uso umemshuka kwa aibu. "Dada jamani! Huku hawaleti kuku!" Tetea akafungwa nyuma ya nyumba ya kufulia, kwenye mguu wa tangi.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, rika langu, amevaa utepe wa plastiki mkononi. Devota akaniambia ule ndio alama, ukiwa nao hakuna wa kukuuliza umekula nini. Mimi nikaukumbuka ule wa baba yako wa hospitali, wenye jina lake, tulioukata kwa mkasi siku ya kumwosha. Ninao kwenye kopo la sindano.

Yule bibi alikaa kwenye meza ya watu wawili, chakula mbele yake cha kulisha jumuiya nzima, na yeye anachokoachokoa. Akamwonyesha Devota kiti, Devota akatikisa kichwa, wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa na wageni. Akaniita mimi kwa mkono. Mimi si mfanyakazi, nikakaa. Lugha hatukuwa nayo. Alinimiminia chai, akanionyesha kwenye simu kijana mwenye ndevu, nami nikamwonyesha wewe, ile picha ya sare ya kazi. Tukakaa hivyo hivyo mpaka chai ikapoa. Nilipoinuka alinishika mkono, akawa hauachii.

Nikaenda nyuma, nikamfungua tetea, nikamletea yeye. Alimpokea kwa mikono miwili kama mtu aliyefundwa. Jana Devota amepiga simu: bibi amekataa kuku asichinjwe, anamlisha mkate asubuhi na jioni.

Mwanangu, kinachonishinda si meli wala hoteli. Ni lile neno ulilolisema haraka haraka kama jambo dogo, kwamba chumba ni cha watu wawili, nitafute mtu wa kwenda naye. Nimetafuta. Magreti, mwenzangu wa jumuiya, mwanawe alikuja Januari akamchukua Dodoma. Devota likizo hana. Nikamuuliza hata Nalotuesha anayeniletea maziwa, maana kuna siku hodi inayopigwa hapa ni yake tu. Akacheka. "Mama, na ng'ombe wakamuliwe na nani?" Nikahesabu watu, vidole vikabaki.

Jioni bado nasonga ugali wa wawili. Nashtuka umeshaiva. Kuku wamenenepa kwa kusahau kwangu. Ile treni mpya ya umeme ikipita, taa zote zinawaka, nasimama mlangoni nahesabu madirisha.

Nitakuambia jambo na usikasirike. Tangu tumzike baba yako ni miaka miwili, na kila nikikuuliza utakuja lini, kinakuja kitu. Kimekuja kitanda. Limekuja tangi la maji. Imekuja simu. Sasa inakuja meli. Navitumia vyote na nakuombea, lakini hakuna kinachoniita mama.

Najua unaogopa nini. Hukuja kuzika kwa sababu kibali chako cha kukaa huko kilikuwa hakijatoka, hilo nalijua mimi na Mungu analijua. Baba yako mdogo Stefano aliropoka pale msibani, kwamba mtoto gani huyu, na watu wabaya wakakufikishia. Wasichokufikishia ni hiki. Siku ya kuvunja tanga, nguo za marehemu zilipogawiwa, wajomba walitaka koti la kijivu. Stefano ndiye aliyesimama. "Hili ni la Consolata," akasema, "na asiligombee mtu." Aliyekukataa angekuwekea koti la baba yako?

Sikukuambia mpaka leo, na kosa ni langu. Nilitaka ulisikie hapa hapa ukiwa umelishika. Nikadhani utakuja karibuni. Nalianika kila Jumamosi, nalikung'uta, nalirudisha. Halijaingia nondo.

Ukija, nitakungoja stesheni. Tutapita kaburini kwanza kama desturi ya aliyekosa maziko, utamwaga udongo wako, utalia unavyotaka, ndipo uingie ndani. Stefano ameniahidi atakuja kukupokea mzigo. Baada ya hapo nipeleke popote. Hata majini nitakwenda, nitakushika gauni.

Stefano anakusalimu, anauliza kama huko wanajua ugali. Devota anakusalimu. Imani naye, anasema umtumie picha ya theluji. Nalotuesha hakujui lakini anakusalimu. Nawe wasalimie hao kina bibi unaowaogesha kazini. Wakati wa kula yupo anayekaa nao? Kama hayupo, kaa nao kidogo, mkubwa wako asione.

Mungu akufunike kama kuku anavyofunika vifaranga, akutoe huko mzima na kukufikisha huku mzima. Na kifua chako kipone.

Ni mimi mama yako, nisiyechoka kukupenda,
Agatha

Tena, kuhusu fomu. Nimeijaza mwenyewe kwa kalamu ya bluu kama ulivyoelekeza. Pale panapouliza meli au hoteli nimepaacha wazi, utaweka alama wewe, kwangu vyote sawa. Mtu wa kwanza nimejiandika mimi. Mtu wa pili nimeandika Consolata Thadeo, uhusiano: mwanangu. Namba ya pasi yake sina. Anayo mwenyewe.