Gauni Nililolipanua Kiuno

Mama watoto,

Uji wa binti yetu nimeurudisha kwenye chupa ya chai. Hakuunywa, usimlazimishe. Jana niliona gauni lake la kazini linambana, nikalipanua kiunoni kimyakimya. Fundi cherehani mzima, nikadhani namsaidia. Asubuhi akaziona nyuzi mpya. "Kumbe na wewe unanipima kwa macho, Baba." Akasukuma bakuli, akajifungia chumbani.

Miaka yote hii anapona ule ugonjwa wa kujinyima chakula, na vitabu vinavyouhusu nimevisoma vyote. Hakuna kinachoniambia mikono yangu niiweke wapi.

~~Mwambie gauni lilifumuka lenyewe.~~ Usimdanganye.

Nimekwenda kushona. Akila, nipigie simu. Asipokula, nipigie pia, ingawa sitajua la kufanya.

Baba watoto