Kodi ya Nyumba ya Wakio

Shamba la mkonge, karibu na Voi,
Kenya

Kwa mama yangu mpenzi, Mlalo.

Shikamoo mama. Naamini Marita ndiye anayekusomea. Marita, dada yangu, soma polepole, na usiruke mahali popote, hata pale utakapoona haya. Mama, unaendeleaje? Goti limepoa, au bado Marita ndiye anayeshuka mtoni na debe peke yake? Maharage ya kule bondeni yametoka? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazi ninayo. Bado niko kwenye karakana ya shamba, natengeneza milango, vitanda na mikokoteni ya kubebea mkonge.

Ila joto la huku, mama, sijalizoea hata baada ya miaka minne. Ardhi ni tambarare na nyekundu, na mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka. Hakuna sauti ya maji. Kwetu mtu anaweza kulima siku nzima akisikia mfereji unateremka pembeni yake, wala asiufikirie. Huku naufikiria. Nafikiria pia ule ukungu wa asubuhi unaolifunika kanisa, tukawa tunaenda ibadani kwa kufuata kengele tu, wewe mbele na kaniki yako imelowa umande mpaka magotini, sisi nyuma tukitetemeka. Na yale mapeasi ya bustani ya misheni tuliyokuwa tukiokota chini ya ua. Uliwahi kunichapa kwa ajili yake, kisha ukala moja. Nilikuona.

Najua ulinitazamia kabla ya mvua za vuli, nije niezeke upya jiko lako. Sikuja, na barua yangu ya mwisho haikukwambia sababu. Leo nakwambia yote.

Nilikutajia Wakio, mjane wa Kitaita anayeshuka kutoka milimani kila Jumamosi kuuza ndizi na samli kwenye soko la shamba. Mumewe alifariki kwa kifua, nao hawakujaliwa mtoto. Siku ya kwanza nilinunua kwake kimanga, chakula chao cha mihogo na maharage vilivyopondwa pamoja. Nilipotia mdomoni nikakumbuka jiko lako, nikasimama pale sokoni kama mtu aliyeitwa. Akaniuliza, "Kaka, kina mchanga?" Nikamwambia hapana, kina kwetu. Akacheka. Ndivyo tulivyoanza.

Ulimwambia Marita aniandikie kwamba mwanamke wa nchi nyingine humchukua mwana asirudi. Mama, huyu ndiye aliyeniuliza kwanza, "Mlalo ni mbali kiasi gani kwa miguu kutoka Mombo?" Yeye ndiye aliyetaka tuje tuishi kwetu.

Basi tukaenda kwa mchungaji wa huko kwao kuandikisha ndoa. Akasema tulete barua ya chifu, kwamba mwanamke huyu hana kizuizi, na barua hiyo hiyo ndiyo tungeionyesha tukihamia Tanganyika. Tukaenda kwa chifu. Karani wake akafungua daftari, akateremsha kidole, akasema:

"Nyumba mbili, jina la marehemu. Kodi ya miaka mitatu haijalipwa. Barua haitoki."

Nikamwambia, "Marehemu yuko kaburini. Kodi ya nani?"

"Nyumba hazikuzikwa," akasema. "Anayekaa ndani ndiye anayelipa. Na kama wewe unamwoa, pole sana, ndugu yangu."

Nikamgeukia Wakio, nikitegemea naye ashangae. Hakushangaa. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Nikajua kwamba alijua siku zote.

Hapa ndipo ninapoona haya, mama. Nilimwacha palepale. Niliteremka mlima peke yangu, na wiki mbili sikwenda sokoni. Nilijiuliza, anaolewa na mimi au na mfuko wangu? Nauli yetu nilikuwa nimeiweka, na bati za jiko lako pia. Mwishowe mke wa msimamizi wetu akaniambia Wakio ameuza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyebaki naye. Nikajua ni kwa nini, nikapanda mlima siku hiyo hiyo.

Nilimkuta anapalilia. Hakuacha jembe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Ulipokuwa unanisimulia jinsi mama yako atakavyonipokea? Niliogopa utaniona mzigo." Kisha akasema, "Nimekwisha kulipa mwaka mmoja na nusu. Uliobaki nitalipa. Sitaki uninunue kwa chifu, Natanaeli."

Nilimwomba msamaha, mama, nimesimama katikati ya mahindi yake. Alimaliza mstari aliokuwa akiupalilia. Halafu akanipa jembe la pili.

Jioni ile akanionyesha hizo nyumba mbili. Moja ndiyo anayolala. Ya pili ilikuwa ya kuwekea mazao, na paa lake lilianguka kabla hata mumewe hajafa. Nilipoiona nikashangaa kwamba kuna mtu aliyeiita nyumba. Nguzo zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka unazivunja kwa kidole, na pale katikati umeota mbarika, shina lake nene kama mkono wangu. Mimi ni seremala, najua nyumba inaanzia wapi na inaishia wapi.

Nikarudi kwa karani, nikamwambia, "Twende ukaione." Akakataa. Nikarudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne akasema, "Ninyi watu wa Tanganyika mna kichwa kigumu. Haya, twende." Nadhani alitaka nisirudi tena. Alipofika aliuzunguka ule mbarika mara mbili, akaushika shina, akatikisa kichwa.

"Huu una miaka mingapi?"

Wakio akamjibu, "Ulikuwa unanifika kiunoni mume wangu alipofariki."

Karani hakuwa mtu mbaya, mama. Alisema, "Mimi naandika ninachokiona. Hii sikuwahi kuiona." Chifu naye akapeleka habari kwa Bwana DC, yule ambaye sisi tunamwita Bwana Shauri, na jibu likaja baada ya wiki tano: ile nyumba ya pili ifutwe, na deni lake lifutwe. Kwa hiyo lililobaki likawa dogo. Wakio alilipa sehemu yake, mimi nikaongeza kidogo, naye akakubali baada ya ugomvi wa siku mbili. Nauli ndiyo iliyoliwa pale. Bati zako sikuzigusa.

Lakini karani akasema neno moja zaidi. Maadamu ile nyumba nyingine imesimama, kila mwaka itaandikwa, na kodi itaendelea kumfuata Wakio hata akiwa Mlalo. Shemeji zake hawakuitaka, kila mmoja ana zake za kulipia. Ilibidi ibomolewe mbele ya karani, aone kwa macho.

Nilikwenda na shoka na wenzangu wawili wa karakana. Niliwaza ni kazi ya asubuhi moja. Nikapanda juu ya paa, nikaanza kung'oa nyasi na kuzitupa chini. Wakio akaniita.

"Polepole, Natanaeli. Nyumba hii haijanikosea."

Nikashuka. Yeye mwenyewe akapanda. Alifungua kamba moja moja, akapitisha nyasi kwa mafungu, nasi tukazipokea na kuzilaza vizuri, kama watu wanaojenga. Majirani wakaja, wakasimama wakitazama. Karani alivua kofia yake. Sijui kwa nini alivua.

Tulipofika kwenye nguzo ya kati, akaja mama mkwe wake, mama wa marehemu. Ni mzee sana, anatembea kwa fimbo. Mimi niliogopa. Nilifikiri amekuja kutulaani. Aliishika ile nguzo, akaipapasa pale mwanawe alipokuwa akitundika koti, mahali palipong'aa. Wakio akateremka, akapiga magoti mbele yake, akaanza kulia kwa mara ya kwanza siku ile.

Yule mama akamwambia kwa Kitaita, na jirani akanifasiria: "Nenda, mwanangu. Mimi nilizika mmoja tu. Wewe sikukuzika."

Kisha akanitazama mimi. "Una mama?"

Nikasema, "Ninaye, yuko Mlalo."

"Mwambie namletea binti. Si mjane. Binti."

Nimekwambia, mama, kama alivyoniagiza.

Karani akaandika barua palepale, juu ya goti. Jumapili iliyofuata tukafunga ndoa. Sasa tunakaa chumba kimoja hapa shambani, tunaweka nauli upya. Tutapanda treni ya Voi mpaka Kahe, tubadili treni pale, tushukie Mombo, kisha tupande kwa miguu kupitia Soni na Lushoto, mkono kwa mkono. Nafikiri itakuwa baada ya masika. Usimuuze yule mbuzi kwa ajili yetu. Na bati, nimesema ziko.

Nisalimie mjomba, mwambie randa yake aliyoniachia bado inakata. Nisalimie shangazi wa Bumbuli, na mchungaji, na jirani yetu mwenye mfereji wa juu, mwambie sina kinyongo tena juu ya maji. Marita, wewe nakusalimu peke yako. Asante kwa kusoma.

Wakio amekaa karibu nami ninapoandika. Hajui kuandika bado, anaifuata kalamu yangu kwa macho. Amesema niandike maneno yake, nisiongeze wala nisipunguze. Haya ndiyo:

Shikamoo mama. Mimi ni Wakio. Sidaiwi na mtu. Nakuja kwako kwa miguu yangu.

Ni mimi mwanao,
Natanaeli