Kiganja Mgongoni mwa Melina

Condofuri, Septemba 1961

Kwako dada yangu mpenzi Fortunata,

Salamu zangu zivuke milima zikukute mzima huko Uswisi. Sisi tupo. Mama bado magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa. Mwanao Melina anakula vizuri. Je, baridi imeshaanza? Umepata chumba chenye jiko?

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Umesema mume wangu Consolato amempiga mwanao hadi kumwachia alama ya kiganja mgongoni, na kwamba mwisho wa mwezi kaka Santo atakuja kumchukua ampeleke kwa masista. Sina hasira nawe. Mama aliye mbali ataamini nini kama si anachoandikiwa? Najua mwandishi ni jirani yetu Peppina. Huyo akiona moshi wa chungu, hutangaza nyumba inaungua.

Alama ipo kweli. Siku mbili baada ya wewe kuondoka ngozi ilikuwa nyekundu, ikatoa malengelenge, halafu ikageuka kahawia: kiganja kamili na vidole vyake. Tulimwuliza mtoto nani kampiga, akasema hakuna. Peppina akadakia, "Muone, anamwogopa hata kumtaja!" Kwenye birika la kufulia akamkabili Consolato mbele ya wanawake wote: "We Consolato, nguvu za kumpiga mtoto unazo, mbona kwa wanaume wenzako huthubutu?" Baani wakaacha kumgawia karata. Alichukua blanketi akahamia kibandani shambani, kwenye mibergamoti, ile michungwa yetu ya manukato, nami sikumzuia. Nyumba ilikuwa chungu, dada.

Juzi nilikuwa namwogesha Melina, nikaweka kiganja changu juu ya ile alama. Kilikaribia kulingana nayo. Mkono wa Consolato unafunika mgongo mzima wa mtoto yule! Halafu nikaona kidole cha pete cha ile alama ni kifupi, hakina ncha.

Nikamwuliza ambalo hakuna aliyeliuliza: asubuhi ile ya safari, mama alikufanyia nini? Akacheka. Akasema ulitoa chupa ya mafuta ya bergamoti kabatini kwa bibi, ukajimiminia mkononi, ukamkandamiza mgongoni, ukamwambia, "Harufu hii ndiyo mama, leo usiioshe." Basi lako lilipoondoka, akaenda ufukweni na wenzake kucheza mgongo wazi, kwenye jua la Agosti.

Dada, ncha ya kidole chako ilibaki kwenye mashine ya kukamulia maganda ya bergamoti, mwaka tuliofanya kazi pamoja kiwandani. Mkono ule ni wako.

Sikuandikii kukusuta. Mama alitufundisha sote kwamba bergamoti ikikutana na jua huunguza ngozi, kwa hiyo ni ya usiku: matone machache ndani ya mafuta ya zeituni, tena chini ya nguo, na kesho yake ngozi hiyo isitoke juani. Hata wachumaji wetu hawakunji mikono ya shati. Lakini huko ulikokwisha kuzoea jua lenyewe ni la kuombwa, mtu husahau.

Nilimfuata Consolato kibandani nikamweleza. Akasema, "Usimwandikie. Kukaa mbali na mwanawe kunamtosha." Hapo nimemkatalia. Nakuomba umpelekee Santo simu ya maandishi asije. Na Consolato umwandikie mwenyewe, barua nitakayoisoma kwa sauti pale baani, na Peppina nimwite.

Malengelenge yamepona na mgongo naufunika. Nilimwambia Melina kwamba alama ile ni mkono wako, na kufika Krismasi itakuwa imefutika, nikidhani atafurahi. Alilia sana. Sasa nikimwogesha haniruhusu kumsugua mgongo. Anaogopa mama asije akatoka mgongoni.

Mama anakusalimu, anasema ile chupa ameshaifungia. Consolato naye anakusalimu. Nilimwuliza kwanza, akasema andika.

Ni mimi mdogo wako,
Nunziata