Waya Niliyoisingizia

Ruiru, 14 Mei 1996. Leo ni miaka kumi na saba na mwezi mmoja tangu niondoke Bombo, Uganda, na begi moja la nguo na moja la vitabu.

Mpendwa Mshauri Kalondu, naomba unisikilize hadi mwisho kabla ya kunikemea. Nafundisha fizikia katika chuo kimoja cha hapa, na mwaka 1983 nilichapisha makala iliyonipa jina, kuhusu kifaa ambacho wasomaji wa safu yako gazetini wanacho ndani ya televisheni zao bila kukijua: kipande cha fuwele kidogo kuliko ukucha, juu yake vitana viwili vya metali vilivyoingiliana meno, ambavyo vikitiwa umeme huutikisa uso wa fuwele, na wimbi la sauti hutambaa hadi upande wa pili na kugeuzwa umeme tena. Kazi yangu ilikuwa kutabiri kwa hesabu, kabla kifaa hakijatengenezwa, kitapitisha mawimbi gani. Nikachukulia kwamba kila jino linatoa wimbi lake, nikayajumlisha yote, nikatoa jedwali la kuanzia meno kumi hadi mia.

Nilipima vifaa viwili tu. Cha meno ishirini kilifuata hesabu yangu vizuri. Cha meno mia kilikuwa na bonde kwenye grafu, mahali ambapo hesabu ilisema pawe na kilele, nami nikajiambia ni waya iliyolegea, nikakifungia kwenye droo, na jedwali nikaliacha lifike mia.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwanafunzi wangu wa uzamili, Waithira, binti wa kijiji cha Kalimoni anayeniita Guka kama amwitavyo babu yake, alipima kifaa kipya cha meno mia akaniletea bonde lile lile. Nilijua mara moja kwamba kosa ni langu. Nikamwambia achomelee waya upya. Akachomelea mara tatu, hadi Bedan, fundi wa maabara, akacheka: "Guka, hii waya tumeichoma kuliko zile soseji za mutura za pale Kiandutu, na hiyo shimo bado iko hapo tu."

Waithira akaniuliza kwa sauti ndogo, "Guka, na kama si waya?"

Nikamrudishia grafu yake.

"Sawa," akasema. "Ukisema ni waya, ni waya." Akaandika hivyo katika sura ya nne ya tasnifu yake.

Si waya. Kila jino hurudisha nyuma kiasi kidogo cha wimbi linalopita; kwa meno ishirini huoni kitu, kwa meno mia vile vidogo vinaungana na kupigana na wimbi lenyewe. Hesabu yangu haina marudio hayo.

Atahojiwa kuhusu tasnifu hiyo Ijumaa, tarehe 31, na mtahini anayetoka Nairobi anavijua vifaa hivi, akimbana atakayeanguka ni yeye maana ameandika kwa mkono wake, lakini Mshauri, chuo kipya kule nyumbani kimenialika niwe mkuu wa idara kwa sababu ya makala ile ile, na dada yangu Kulthum ameshapaka chokaa chumba cha baba, nami nina miaka sitini na minne, mwaliko mwingine hautakuja, je, nisubiri kwanza nifike kwetu ndipo nisahihishe?

Zuhair

Jibu

Mzee Zuhair, pole kwa miaka hiyo yote. Chumba cha baba kilichopakwa chokaa si jambo dogo, na sitakucheka kwa kukitamani.

Lakini nikukemee. Ukifika kwenu, Waithira atakuwa ameshaanguka. Hiyo si kusahihisha, ni kuomba radhi baada ya mazishi. Fizikia yako siijui, ila hili nalijua: msichana huyu aliona vizuri kwa macho yake, nawe ukamfundisha asiyaamini. Unadhani alikubali kwa kuwa hajui? Alikubali kwa sababu anakuita Guka. Angekuwa anakuita Daktari, angebishana nawe mwezi ule wa tatu.

Kesho asubuhi toa kile kifaa cha 1983 kwenye droo umkabidhi mkononi. Mwambie haikuwa waya, na kwamba ulijua. Siku hiyo hiyo waandikie watahini, utie sahihi, kwamba maneno ya sura ya nne ni yako, ili apewe nafasi ya kuiandika upya. Liandikie na jarida lililochapisha jedwali. Kisha waandikie wa nyumbani, na barua hiyo iondoke kabla ya Ijumaa, usije ukangoja kuona mambo yanaendaje ndipo uamue kuwa mkweli. Wakikutaka pamoja na kosa lako, nenda.

Kalondu

Ruiru, 2 Julai 1996

Mshauri, barua zote zilitumwa Jumatano kabla ya mahojiano. Waithira aliweka kifaa changu na chake kando kwa kando, akavipima, na grafu zikalala moja juu ya nyingine. Amepita. Jedwali jipya lenye marudio lina jina lake. Hakunilaumu hata kidogo, ila tangu siku ile ananiita Daktari.

Chuo cha nyumbani kimenijibu kwa adabu kwamba nafasi imepata mtu. Kulthum ameweka mahindi yake katika chumba cha baba.

Sitarudi.

Zuhair